Digrii ya dansi sawa, ila mkopo ni wa nani?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo. Kila ikizungumzwa habari ya vijana wetu huku Marekani wanaosomea dansi chuo kikuu, naona watu ni makundi mawili tu, wa "mwache mtoto afuate kipaji chake" na wa "kwani kucheza nako ni kusoma?" Mi nilikuwa hilo kundi la pili, sifichi, mpaka mpwa wangu alipopata vyuo viwili kwa mpigo na mama yake akanipigia usiku, kaka njoo tusaidiane kusoma hizi karatasi maana sisi tunaona namba tu.

Nikakaa nazo wikiendi nzima. Nikagundua siku zote tulikuwa tunabishania digrii kumbe ishu iko kwenye mkopo, tena sio mkopo wowote, ni ule wa ziada.

Iko hivi. Mwanafunzi ambaye bado anahesabiwa yuko chini ya wazazi, serikali inamkopesha yeye mwenyewe dola 5,500 mwaka wa kwanza, 6,500 wa pili, halafu 7,500 wa tatu na 7,500 wa nne. Jumla 27,000. Tuseme riba ni asilimia 5.5 na analipa kwa miaka 10, ni kama dola 290 kila mwezi. Inauma, ila mtu anaweza kubanabana akaishi nayo. Balaa linaanza pale ada inapozidi hapo na chuo kinakuandikia barua tamu kwamba kilichobaki mzazi anaweza kukopa. Zamani mzazi alikuwa anaruhusiwa kukopa mpaka gharama yote iishe, sheria iliyosainiwa Julai 2025 ndio imeweka kikomo kuanzia Julai 2026, dola 20,000 kwa mwaka na 65,000 kwa mtoto mmoja. Sasa jumlisha 65,000 na zile 27,000 uone, ni 92,000, na sehemu kubwa iko kwa jina la mama, ambaye hachezi dansi wala nini.

Kuna kingine ambacho watu wa "fuata kipaji" hawakisemi. Mkopo wa mwanafunzi unaanza kudaiwa miezi 6 baada ya kumaliza, yaani mtoto ana miaka 22 hivi, na miaka 10 ya kulipa inamfikisha 32. Ndio miaka hiyohiyo mwili wa mcheza dansi una nguvu! Mhasibu akiwa na 22 ndo kwanza anaanza na akifika 50 bado anapanda mshahara, mcheza dansi goti likishagoma hakuna wa kumsubiri. Kwa hiyo deni na mwili vinagombania muda mmoja, akikimbilia kazi ya pili ili alipe mkopo anakosa mazoezi, akikosa mazoezi anakosa odisheni, yale majaribio ya kuchaguliwa, na hapo ndipo wengi wanaishia kuacha wala sio kwamba hawakuwa na uwezo.

Kipato chenyewe tulikitafuta kwenye College Scorecard, ile tovuti ya wizara ya elimu ya Marekani inayoonyesha wahitimu wa kozi fulani wanadaiwa kiasi gani na wanapata ngapi. Ni nzuri, kila mzazi aifungue kabla ya kusaini. Ila kozi ikiwa na wahitimu wachache namba zinafichwa wasije wakajulikana, na dansi madarasa yake ni madogo, sisi chuo kimoja tulikuta patupu kabisa. Na hata namba ikiwepo haikwambii hela imetoka wapi, maana mhitimu wa dansi asubuhi anafundisha watoto, mchana anafundisha Pilates, yale mazoezi ya viungo, jioni anabeba trei mgahawani, Jumamosi ndio yuko stejini.

Sheria hiyo ya 2025 inasema pia kozi ya digrii ambayo wahitimu wake, miaka 4 baada ya kumaliza, wanapata chini ya watu wa umri wa miaka 25 mpaka 34 walioishia sekondari, ikifeli miaka 2 kati ya 3 wanafunzi wake wanakosa mikopo ya serikali. Kwa dansi hiyo ni hatari. Mi nusu naiunga mkono, kwa sababu vyuo vimezoea kuchukua ada bila kuulizwa, lakini naogopa mwisho wake dansi ya chuo itabaki ya watoto wa matajiri, wale wasiohitaji mkopo tangu mwanzo.

Na jamani digrii sio mlango pekee. Misty Copeland alianza baleti akiwa na miaka 13, akaingia American Ballet Theatre, kundi kubwa la baleti la New York, bila kupitia chuo, 2015 akawa mwanamke wa kwanza Mmarekani mweusi kupanda mpaka ngazi ya juu kabisa pale. Pearl Primus alisomea biolojia Hunter College akamaliza 1940, ndio huyohuyo aliyekuja kuwa mmoja wa waliopeleka ngoma za Afrika kwenye majukwaa ya Marekani. Lakini ukitaka kufundisha dansi shule za serikali, digrii na leseni kwa kawaida ni lazima, hapo karatasi ina kazi yake.

Mpwa wangu akaniuliza, mjomba kwa hiyo nisicheze? Nikamwambia cheza mama, ila mama yako hasaini ule wa ziada. Chuo anachokitaka ndicho ghali, basi tumewaandikia waongeze skolashipu ya odisheni, maana wengi hawajui hiyo inaweza kuombwa tena, hasa ukiwaambatanishia ofa ya chuo kingine. Barua imeenda Jumatatu, tunasubiri.

Mjomba Mtu