Reli Ni Mimi, na Sina Hitilafu

Laini ya Ruiru,
Kando ya soko la Githurai,
Nairobi.

Kwa Meneja wa Huduma za Abiria,
Makao Makuu ya Kampuni ya Treni,
Nairobi.

Bwana Meneja,

MINTARAFU: KUCHELEWESHWA, KUSINGIZIWA, NA LILE NENO LILILOSEMWA KARIBU NA MAKADARA

Natumai u mzima na wa nyumbani hawajambo. Mimi si mzima, ndiyo maana nakuandikia.

Sitakusomea kanuni zenu. Mkataba wa huduma mmeuandika wenyewe, mkautia kwenye fremu, mkautundika karibu na dirisha la tiketi, na mambo ya treni ipi iipishe ipi mnayajua kuliko mimi. Naenda moja kwa moja kwa lililonileta.

Jumanne iliyopita jioni, treni yangu ile ya watu wanaotoka kazini ilisimamishwa kabla ya Makadara kwa saa moja na dakika hamsini. Mvua ilikuwa inanyesha. Treni inayoleta mjini abiria wa binamu yetu wa reli pana, ile SGR ya Mombasa, ilikuwa bado iko Syokimau, binamu mwenyewe hajafika, na ofisi yako ikaamua njia iachwe wazi mpaka atakapofika. Gadi wangu akauliza kwa redio, kwa adabu, tungoje hadi saa ngapi. Sauti kutoka chumba cha uelekezaji ikajibu: "Hiyo ya Ruiru iache ikae. Hao wamezoea."

Basi. Wamezoea.

Asubuhi yake kipaza sauti cha stesheni ya mjini kikatangaza, kwa ile sauti ya kubembeleza, kwamba treni ya Ruiru ilichelewa jana "kutokana na hitilafu ya reli." Hitilafu gani, Bwana Meneja? Reli ni mimi. Nilikuwa pale pale niliponyooshwa kwenda Thika mwaka 1913, chuma changu juu ya mataruma, mataruma juu ya kokoto, na kokoto nyingine zilishakwenda kujengea watu vyoo lakini sijawahi kulalamika. Reli haichelewi. Treni huchelewa, mishahara huchelewa, majibu ya barua kama hii huchelewa sana. Mimi nalala hapo nikingoja kupitiwa.

Usinione mwepesi wa hasira. Nina zaidi ya miaka mia moja na kumi, na kuchelewa kwa halali nakujua. Ng'ombe akisimama katikati yangu huko Kahawa, tunangoja aondoke. Kichwa cha treni kikichoka, tunangoja kingine. Kule Mutindwa na Githurai akina mama wanauzia nyanya na mitumba juu ya mwili wangu. Honi ikilia wanakunja turubai, wanavuta beseni, treni inapita imewakaribia kiasi cha kuwapangusa vumbi, kisha wanatandika tena kabla behewa la mwisho halijaisha. Hawa si watu wenu, hamuwalipi, na hawajawahi kunichelewesha dakika kumi. Linganisha na ofisi yako.

Wala sina kinyongo na binamu. Alizaliwa 2017, kijana mzuri, hana shida na mtu. Upana wake ni milimita 1,435 na wangu ni 1,000. Hizo 435 ndizo heshima yenyewe? Kwa sababu mjini kati hafiki. Abiria wake anawashusha Syokimau, halafu wanapakiwa kwenye yale mabehewa yaliyoletwa kutoka Hispania mwaka 2020, dada yangu mdogo, laini ya Syokimau, anawabeba mpaka mjini kama maharusi, na sisi wengine tunapiga magoti kando ya njia. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa mgeni kaja, mwenyeji akalazwa njaa karibu na Makadara.

Na kwa kuwa nimeanza, acha niseme na lile la 2012. Novemba ile Rais Kibaki alifungua barabara kuu ya Thika, na siku chache baadaye akafungua stesheni ya Syokimau. Barabara ya Thika, inayoninyang'anya abiria, ikakatiwa utepe. Syokimau, mdogo wangu, akakatiwa utepe. Mimi ninayebeba watu wa Dandora, Githurai, Kahawa na Ruiru, sikupewa hata mtu wa kunifyekea nyasi. Nilinyamaza. Nikaambiwa mvumilivu hula mbivu. Mbivu naona zinaliwa Syokimau.

Turudi Jumanne, kwa sababu nahisi ulipitia yale maneno haraka ukaenda kunywa chai.

Ilikuwa hivi. Giza limeingia, mvua ile ya kuchapa pembeni. Behewa la tatu limejaa hadi mlangoni, watu wamesimama bega kwa bega, madirisha yamefungwa, joto la pumzi limeyafanya meupe. Mlangoni kuna mama amebeba gunia la sukuma wiki alilolinunulia Muthurwa. Amelitua juu ya viatu vyake ili lisilowe, na maji yanatiririka kutoka paa la behewa, yanapita kwenye ngazi, yananidondokea mimi, tone moja moja, mahali pamoja, saa moja na dakika hamsini. Mtoto wa shule mwenye sweta la kijani amebanwa. Ameshuka, amejificha nyuma ya gurudumu, amenikojolea. Simlaumu, nimemwagiwa mabaya zaidi na wakubwa zaidi. Akapanda tena huku akitetemeka, na yule mama akamfunika kwa kona ya leso.

Gadi akaja na redio. Kwa sababu ya kelele za mvua alikuwa ameifungulia mpaka mwisho, na hilo ndilo kosa lake pekee siku ile. Akauliza. Ikakoroma kidogo. Kisha ile sauti, haina hasira, haina hata uchovu, sauti ya mtu anayetafuna kitu: "Hiyo ya Ruiru iache ikae. Hao wamezoea." Behewa zima likasikia. Gadi akawahi kupunguza sauti wakati hakuna tena cha kuficha, na akatazama viatu vyake. Hakuna aliyetukana. Ningependa wangetukana. Yule mama wa sukuma akacheka kidogo puani, akasema, "Kumbe tumezoea," kama mtu aliyesomewa majibu ya hospitali. Halafu akaketi juu ya gunia lake, sukuma zenyewe zikapondeka chini yake, bidhaa ya kesho asubuhi. Hakujali tena.

Nimebeba watu tangu kabla ya babu yako kujua kusoma. Nilinyooshwa hadi Nanyuki 1930. Nimebeba kahawa, nimebeba askari, nimebeba maiti. Sijawahi kusikia mtu akiwasema abiria wangu hivyo wakiwa ndani ya behewa wanasikiliza.

Halafu mkanisingizia mimi. Ndiyo maana nasema kuna makosa mawili na msiyachanganye. Neno lile ni moja. Hitilafu ya reli ni la pili. Jumatano nzima abiria walikuwa wakinitukana wakishuka Githurai: laini hii takataka, laini hii imeoza. Kijana mmoja akanipiga teke. Na makanga wa matatu pale nje wakawa wanaita abiria kwa kicheko: "Njooni huku, huku hakuna hitilafu!" Jamu ya barabara ya Thika wanaijua, lakini siku hiyo walikuwa na haki ya kucheka.

Dada zangu, laini nyingine za mji huu, nimewasomea barua hii kabla ya kuituma. (Ninaandikiwa na kijana muuza mitumba, kwa hiyo tahajia mumlaumu yeye.) Wa Kikuyu, mkubwa wetu, haongei sana, anapanda zaidi ya mita 500 kutoka hapa hadi Limuru na pumzi yake anaitunza. Lakini aliposikia "wamezoea" alisema: "Mimi walining'oa Kibera Januari 2008, vijana wenye hasira, wakanibeba vipande vipande. Hata wao hawakusema nimezoea." Wa Embakasi, yule mnyamavu, anayemwagiwa maji ya nguo kutoka ghorofa za Pipeline, alilia tu. Na wa Syokimau mwenyewe, kipenzi chenu, ameniambia nimwandike chini kabisa kwa herufi ndogo. Anasema kupendwa kwa sababu ya mabegi ya watu wengine si kupendwa.

Nasikia huko London ndugu zetu wanapita chini ya ardhi tangu 1863 na wana majina ya kifalme, Victoria, Jubilee. Sitaki kuchimbiwa shimo na jina la malkia silihitaji. Nakaa juani na mvuani kama watu wangu. Naomba tu msinitaje mnapotafuta pa kutupia lawama.

Sasa madai yangu.

Nilipoanza kuandika nilitaka kitu kimoja: kipaza sauti kile kile, saa ile ile ya asubuhi, kitangaze kwamba Jumanne reli haikuwa na hitilafu yoyote, na kwamba ofisi inaomba radhi kwa abiria wa Ruiru. Nilikuwa nitawapa siku kumi na nne.

Lakini nimekaa na jambo hili na naona halitoshi. Nauli ya jioni ile irudishwe, kwa wote, na kwa yule mama wa sukuma iongezwe bei ya gunia. Mtampata, hupandia mlango wa mbele wa behewa la tatu. Vilevile nataka kokoto zangu, na mtaro wa kutoa maji upande wa Dandora, ambao mnaujua kwa sababu umo kwenye ripoti zenu wenyewe. Siku saba.

Na mwenye ile sauti. Simtaki afutwe kazi, ana watoto. Nataka apande treni yangu kila jioni kwa mwezi mmoja, kutoka mjini hadi Ruiru, akiwa amesimama, mlangoni, upande wa mvua. Asiwe na redio. Tukisimamishwa karibu na Makadara, na tutasimamishwa, awe anamweleza mwenye haraka pale ndani kwamba amezoea. Kuhusu siku saba, nimebadili mawazo tena. Mna hadi Ijumaa.

Isipofanyika, sitaangusha treni. Sina roho hiyo, na walio ndani ni watu wangu. Lakini nitazungumza na akina mama wa Githurai na Mutindwa. Tunajuana, tumelala pamoja miaka. Nitawaambia Jumatatu asubuhi honi ikilia wasikunje turubai. Wakae. Wapange vitunguu vizuri, mafungu mafungu, kutoka taruma hadi taruma. Mje nyinyi wenyewe kutoka makao makuu, na suti zenu, muwaombe mmoja mmoja waondoke, na kila mmoja atawauliza kwa nini. Wakimaliza hao nitampigia simu dada wa Kikuyu, naye ana watu wake Kibera ambao hawahitaji kuelezwa mambo mara mbili. Na jua la mchana la Januari halijawahi kuniomba ruhusa. Chuma huvimba, na mtu wa kuja kunikagua hamjamleta siku nyingi. Hilo nalitaja tu.

Mkitaka kunijibu, msitume kwa posta. Mwambieni gadi wangu anisomee, yule yule, na afungulie redio hadi mwisho.

Wako, aliyelala pale pale,

Laini ya Ruiru

Nimeisoma na nakubaliana nayo: Laini ya Kikuyu (dada mkubwa).

Nami pia: Laini ya Embakasi.

nami, lakini msiseme: laini ya syokimau.

Nakala kwa:
Binamu wa reli pana, Syokimau (asomewe taratibu, kungoja hajawahi kufundishwa).
Mama wa sukuma, behewa la tatu, mlango wa mbele.