Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Njia ya Kuwa Mtabibu wa Wanamichezo

Ndugu wanachama, wazazi mliokuja kutuunga mkono, nanyi mnaotufuata kwa simu kutoka nyumbani,

Wakubwa wangu shikamooni. Wengine nawasalimu kwa furaha ya kukutana tena.

Mwaka huu nimepigiwa simu na mzazi wa mwanachama mpya. Aliniuliza, "Mwenyekiti, mtoto anasomea ukocha mpaka uzamili?" Nilimwelewa. Jina la Kiingereza la kazi yetu, "athletic trainer", lina neno linalosikika kama mkufunzi, na hata hapa Marekani wengi hutuchanganya na wasimamizi wa mazoezi ya jimu. Ndiyo maana kamati imekubaliana kwamba katika barua zetu zote tutajiita watabibu wa wanamichezo. Huko nyumbani Afrika Mashariki, yeyote anayekimbilia uwanjani na begi huitwa daktari wa timu. Sisi si madaktari, na tusikubali kuitwa hivyo hata kwa heshima. Kazi yetu ni kuzuia majeraha, kuyatambua yakitokea, kuokoa maisha katika dakika za mwanzo, na kumrudisha mchezaji hatua kwa hatua, tukifanya kazi na daktari. Chama cha Madaktari cha Marekani kiliitambua taaluma hii kuwa ya afya mwaka 1990, miaka 40 baada ya NATA, chama cha kitaifa cha watabibu wa wanamichezo, kuundwa pale Kansas City.

Jambo lililochukua muda mwingi wa kamati ni mlango wa kuingilia. Zamani shahada ya kwanza ilitosha. Mwaka 2015 vyombo vinavyoongoza taaluma vilitangaza kwamba uzamili ndio utakuwa kiwango cha kuanzia, na tangu msimu wa masomo wa 2022 programu za shahada ya kwanza haziruhusiwi kupokea wanafunzi wapya. Uamuzi huo naukubali kwa upande wa maarifa, kwa sababu mtu anayeamua kama kijana arudi uwanjani baada ya mtikisiko wa ubongo anahitaji kusoma kwa kina. Lakini gharama zake zimewaangukia watu kama sisi, na sitanyamaza juu ya hilo. Wengi wetu tulilipiwa karo na mbio, kama walivyotangulia wanariadha kina Suleiman Nyambui wa Tanzania pale Chuo Kikuu cha Texas, El Paso, na Henry Rono wa Kenya pale Chuo Kikuu cha Washington State miaka ya 1970. Ufadhili wa mbio kwa kawaida huishia kwenye shahada ya kwanza. Miaka miwili inayofuata unajitafutia, na ratiba ya vitendo haikuachii saa nyingi za kibarua.

Kuna jambo lingine ambalo limewaumiza wenzetu wawili mwaka huu. Walimaliza shahada ya sayansi ya mazoezi wakidhani wako tayari kuingia uzamili, wakaambiwa hawana fizikia na kemia. CAATE, chombo kinachotoa ithibati kwa programu zetu, hutaka mwanafunzi aingie akiwa amesoma biolojia, kemia, fizikia, saikolojia, anatomia na fiziolojia katika ngazi ya chuo. Wamepoteza mwaka mzima kwa kukosa mtu wa kuwaambia mapema. Nawaomba wanachama wakubwa, mkikutana na kijana wa kwetu aliye mwaka wa kwanza, mwulizeni masomo hayo kabla hata ya kumwuliza anakimbia mita ngapi. Pia mwelezeni kwamba vyuo kadhaa huunganisha miaka mitatu ya shahada ya kwanza na miwili ya uzamili, na mwaka mmoja wa karo unaokoka hapo.

Sasa vitendo, ambavyo ndivyo moyo wa taarifa hii.

Viwango vya CAATE vilivyoanza kutumika mwaka 2020 vinataka mafunzo kwa vitendo yaenee angalau miaka miwili ya masomo, na ndani yake kuwe na kipindi kisichopungua wiki nne mfululizo ambapo mwanafunzi anaishi ratiba kamili ya mtabibu, tangu asubuhi ya kufunga bandeji mpaka usiku wa kuandika kumbukumbu za wagonjwa. Anatakiwa pia kukutana na watu wa umri tofauti, jinsia zote na hali mbalimbali za maisha, wakiwemo wasio wanamichezo.

Mimi nilisoma kabla ya viwango hivyo. Chuo kimoja nilichopangiwa kilinifanya nijaze maji ya kunywa msimu mzima. Kujaza maji ni sehemu ya kazi na sijawahi kuidharau. Lakini nilimaliza msimu ule bila kupapasa goti hata moja lililovimba, na mwaka uliofuata mikono yangu ilitetemeka mbele ya mchezaji aliyekuwa akilia. Sitaki mwanachama yeyote apitie hayo. Kwa hiyo mwaka huu kamati ilizungumza na kila mwanafunzi wetu baada ya kila kituo cha vitendo. Wasimamizi waliosifiwa zaidi ni wale wanaomwuliza mwanafunzi, "Unaona nini?" na kusubiri jibu kabla ya kusema lao.

Mwanafunzi wetu mmoja alikuwa kwenye mazoezi ya Agosti katika jimbo la kusini. Mchezaji wa futiboli ya Kimarekani alianza kuongea ovyo na kupepesuka. Walimpima joto kwa njia ya haja kubwa, maana kwapa na mdomo hudanganya, wakakuta limepita nyuzi 40 za Selsiasi. Wakamzamisha mpaka shingoni katika beseni la maji ya barafu, huku mmoja akiyakoroga maji na mwingine akimshika kichwa. Gari la wagonjwa lilipofika, wahudumu walitaka kumchukua mara moja. Msimamizi aliwaomba wasubiri joto lishuke chini ya 39, kwa sababu kwenye kiharusi cha joto, yaani mwili unapopata joto la hatari, unapoza kwanza, kisha ndipo unasafirisha. Kijana yule yuko hai na yuko darasani. Mwanafunzi wetu aliniambia alikuwa ameisoma kanuni hiyo mara nyingi, lakini aliielewa siku ile mikono yake ilipokufa ganzi kwa baridi.

Dunia nzima iliiona kazi hii tarehe 2 Januari 2023 kule Cincinnati, Damar Hamlin, mchezaji wa timu ya futiboli ya Kimarekani ya Buffalo Bills, alipoanguka moyo wake ukiwa umesimama. Denny Kellington, aliyekuwa mtabibu msaidizi wa timu hiyo, alianza kumkandamiza kifua palepale nyasini. Hamlin alirudi kucheza. Hakuna aliyefungua kitabu usiku ule.

Naomba niongeze neno kuhusu selimundu, ugonjwa wa kurithi wa seli nyekundu za damu, kwa kuwa linatuhusu sisi tuliotoka mwambao na kandokando ya Ziwa Victoria, ambako malaria imefanya wengi wetu tubebe kinasaba kimoja bila kuugua. Mwaka 2006 Dale Lloyd II, mchezaji wa futiboli ya Kimarekani wa mwaka wa kwanza pale Chuo Kikuu cha Rice, alifariki baada ya mazoezi. Alikuwa amebeba kinasaba hicho. Mwaka 2010 NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo vya Marekani, ilianza kuwataka wachezaji wa vyuo vya daraja lake la kwanza wapimwe, waonyeshe majibu waliyonayo, au wasaini kwamba wamekataa. Wanafunzi, jifunzeni tofauti hii mpaka muione bila kufikiri: aliyebanwa misuli kwa joto husimama akichechemea na msuli mgumu kama jiwe, mwenye kinasaba ambaye seli zake za damu zimejikunja kama mundu na kuziba mishipa huanguka akiwa dhaifu, na msuli wake unaonekana wa kawaida. Wa pili akiambiwa "jikaze" anaweza kufa. Kubeba kinasaba hakumzuii mtu kucheza, mradi aanze taratibu, apumzike kati ya mbio na mbio, na asimame mara mwili unapokataa.

Kuhusu mtihani wa BOC, bodi inayotoa cheti cha kazi yetu, nitasema kwa ufupi. Kabla ya kuomba nafasi ya kusoma, tazama kiwango cha ufaulu ambacho kila programu inalazimika kukitangaza. CAATE inataka angalau asilimia 70 wafaulu kwa jaribio la kwanza, kwa wastani wa miaka mitatu. Ukishafaulu, katika majimbo mengi bado unahitaji leseni ya jimbo, na sheria za majimbo hazifanani. Wanaopanga kurudi nyumbani wakumbuke kwamba huko kazi hii hufanywa zaidi na wataalamu wa fiziotherapia, na cheti cha BOC si leseni ya fiziotherapia.

Hesabu za fedha zitasomwa na mtunza hazina. Kamati inaleta maombi mawili mbele yenu. La kwanza, tuanzishe mfuko mdogo wa kulipia nauli na mafuta ya gari wanafunzi waliopangiwa vituo vya mbali, kwani hapo ndipo wengi hukwama katikati ya muhula. La pili, kila mwanachama mwenye leseni achukue mwanafunzi mmoja wa kumpigia simu kila Jumapili. Karatasi ya majina iko mezani karibu na chai, na jina langu nimeshaliandika.

Naomba kuwasilisha.