Barua kwa Wazazi: Kufunga Muhula na Hadithi ya Binti Aliyepotea

Ndugu wazazi na walezi,

YAH: KUFUNGA SHULE NA HADITHI ILIYOSOMWA MSTARINI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Shule inafungwa Ijumaa hii saa 6 mchana. Ripoti atakabidhiwa mzazi au mlezi mwenyewe, si mwanafunzi, na walimu wa madarasa watakuwepo hadi saa 9. Kidato cha Pili wamepanda vizuri katika Kiswahili na Baiolojia. Hisabati bado inatusumbua, na mwalimu wa somo angependa kuonana na kila atakayefika.

Jambo kubwa la barua hii ni hadithi ya kusisimua iliyoandikwa na klabu ya usomaji ya Kidato cha Tatu na kusomwa mstarini tarehe 25 Mei. Baadhi yenu mlinipigia simu, na mzazi mmoja alikuja ofisini akiwa na wasiwasi kwamba tunawafundisha watoto kutoroka nyumbani. Namheshimu kwa kuja. Nimeisoma hadithi hiyo yote na nimeamua ibaki maktaba.

Inamhusu msichana wa miaka 16 anayeondoka nyumbani alfajiri akiwa na sare za shule na asifike shuleni. Anayesimulia ni rafiki yake wanayekaa naye dawati moja. Mwanzoni unamwamini kwa kila neno. Baadaye unaanza kugundua kwamba yale anayomweleza mwalimu siyo anayomweleza mama wa binti, na kwamba kuna ujumbe aliufuta kwenye simu kabla hajaulizwa. Hakuna damu wala mzimu, lakini wanafunzi walitulia mpaka ukurasa wa mwisho. Mwisho wake ni kwamba binti hakutekwa na mtu asiyemjua. Alimfuata mtu waliyezoeana kwa simu, aliyemwahidi kazi ya dukani mjini, na rafiki alinyamaza kwa sababu naye alikuwa ameahidiwa nafasi kama hiyo.

Sehemu iliyonigusa zaidi ni ya wazazi. Kila usiku mama anapakua chakula cha binti yake na kukifunika kwa kawa, na asubuhi anawapa wadogo zake bila kusema neno. Baba anazunguka kwa ndugu na kwa majirani, lakini kituo cha polisi anakwenda siku ya tatu, kwa kuogopa watu watasema binti yake ameharibika. Vijana wa miaka 16 na 17 ndio walioandika hayo. Wanatujua vizuri sana.

Tarehe 25 Mei haikuchaguliwa kwa bahati. Ni siku ya kimataifa ya watoto waliopotea, na chimbuko lake ni Etan Patz, mtoto wa miaka 6 aliyepotea New York tarehe 25 Mei 1979 akienda peke yake kwa mara ya kwanza kwenye kituo cha basi la shule. Baba yake alikuwa mpiga picha, hivyo picha nzuri za mtoto zilikuwepo na zikasambazwa kila mahali, hata kwenye maboksi ya maziwa. Etan hakuonekana tena. Lakini jiulize: wewe unayo picha ya karibuni ya mwanao, inayoonyesha uso vizuri? Picha ya darasa la saba haitamsaidia mtu kumtambua kijana wa Kidato cha Tatu.

Baada ya usomaji, walimu waliwaomba wanafunzi waandike bila majina: rafiki yako akikuambia anaondoka nyumbani, utamwambia nani? Wengi waliandika "sitamwambia mtu". Sababu waliyoirudia ni kuogopa kupigwa, wao au rafiki yao. Ndugu zangu, karatasi hizo nimezihifadhi ofisini na mnakaribishwa kuzisoma.

Kwa hiyo nawaomba likizo hii mkae na watoto wenu mzungumze. Mwulize anachati na nani, na akikujibu, usinyanyue mkono. Mtu akimwahidi kazi Dar es Salaam, Zanzibar au nje ya nchi, mtafuteni mtu huyo nyinyi wenyewe kabla ya begi kufungwa. Na ikitokea mtoto hajarudi, usisubiri saa 24 wala usihofie maneno ya mtaani: nenda kituo cha polisi siku hiyo hiyo, ulizia Dawati la Jinsia na Watoto, na usiondoke bila namba ya RB, yaani namba ya kumbukumbu ya taarifa yako. Huduma ya simu kwa mtoto ni 116, bila malipo, na mtoto mwenyewe anaweza kuipiga. Nipigieni na mimi, hata usiku.

Nakala za hadithi zitakuwa mezani Ijumaa, kando ya ripoti. Atakayetaka kusoma na mwanawe aazime moja, airudishe shule itakapofunguliwa.

Wenu katika malezi,

Mkuu wa Shule