Mashine ya okazio inunuliwaka ikiwa baridi

Bwana Muhariri,

Mi niko musomaji wenu wa zamani, gazeti yenu naisomaka kwa jirani mwenye duka hapa Katuba, yeye njo analipa na mi nasoma bure, mutanisamehe. Juma yenye ilipita muliweka picha ya ile moto ya theluji, ile yenye haina magurudumu, mbele iko na miguu mbili za kuteleza na nyuma iko na mukanda munene wa mupira, na chini mukaandika kama watoto wetu wenye wako Kanada wanachezea feza na vitu vya matajiri wakati wazazi huku wanangoja ya unga. Hapo nikaweka gazeti chini. Juu mi niko na mutoto wa dada yangu kule, alinunua hiyo mashine mwaka jana, na kununua tulinunua wawili, yeye na mikono yake kule na mi na macho yangu huku mu simu. Mi niko manseba wake, ndugu ya mama yake, manseba ya damu, hapana manseba ya kubeba watu na moto pale stendi.

Mutoto eko Rouyn-Noranda, mu Quebec. Alienda kusoma mambo ya migodi na akapata kazi kule kule. Picha ya kwanza alinitumia nilimuuliza, we, ulirudi Lubumbashi bila kuniambia? Juu niliona fonderi ya shaba na mashemine yake inatoa moshi juu ya muji, sawa tu na hapa kwetu. Yetu ilianza kutoa shaba mu 1911, yao inaitwa Horne na ilianza mu 1927, basi sisi njo wakubwa. Tofauti ni baridi. Mwezi ya kwanza kule usiku inaweza kushuka mpaka digri 30 chini ya sufuri, na theluji inakaa karibu miezi tano, na mutoto wa Katuba mwenye alizoea kukaa inje na watu akawa anatoka kazini anaingia nyumba, anatoka nyumba anaingia kazini, mpaka siku moja aliniambia manseba, nimeanza kusalimia friji.

Wenzake wa kazi wao siku ya posho wanatoka na motoneji, njo ile moto ya theluji. Kule pori yote iko na njia zake, mu Quebec muzima zinapita kilometa 30,000, ni watu wa maklabu wenye wanazichunga, wengi wanafanya bure, usiku wanapitisha mashine kubwa ya kulainisha theluji, na njiani unakuta esanse na mahali pa kula. Sasa hapo niambieni, utajiri iko wapi? Ni mutu anatafuta wenzake.

Na tena hii kitu haikuanzaka kama muchezo. Mwenye aliitengeneza, Joseph-Armand Bombardier, alikuwa mekanisien wa garaji mu kijiji yao ya Valcourt, mekanisien kama mi. Mu 1934 mutoto wake mudogo aligonjwa wakati ya theluji, njia zimefunga, hakuna namna ya kumufikisha hospitali, akakufa. Yule baba alikuwa anajaribu magari ya theluji tangu eko kijana wa miaka 15, lakini kisha ile kifo hakulala tena. Hii ndogo ya mutu moja ao wawili, yenye jina Ski-Doo, ilitoka mu 1959. Mutu mwenye kuona kilio ndani ya hiyo mashine hawezi kusema ni kitu ya kuchezea tu.

Basi bei. Mupya inaweza kupita dola 15,000 za kule, hiyo tuliachia wenyewe, sisi tukatafuta ya okazio, yenye mutu mwingine alishatumia. Mutoto alikuwa na 3,000 yote kwa yote na alitaka kwenda kutoa 3,000 yote kwa mwenye kuuza. Nikamwambia hapana. Kule kuna plaki, kuna asiransi ya lazima, kuna tiketi ya njia ya kila mwaka yenye peke yake inakula madola mia kazaa, kuna kaske, kuna nguo ya baridi, maana ukitembea kilometa 70 kwa saa mu baridi ya vile na koti ya kawaida watakuleta kama samaki wa barafu wenye wanapitia mupaka wa Kasumbalesa. Tukasema mashine isipite 2,000. Mutu mwenye anamalizia feza yote ku mashine, nimewaona hapa miaka makumi tatu, kisha siku mbili eko anasukuma.

Jambo ya pili, alitaka kununua mwezi ya kumi na mbili. Nikamuuliza, hapa Lubumbashi unanunuaka mwamvuli siku gani, siku mvua ya kwanza inanyesha ao mwezi ya saba? Theluji ya kwanza ikianguka kila mutu anataka, na mwenye kuuza anajua. Tungoje mwezi ya tatu, wakati watu wanaanza kuwaza ile mashine itawalalia mu kivanja siku zote za joto. Lakini pia usingoje mpaka theluji yote iishe, juu hautaweza kuijaribu, na mashine yenye haujapanda ni kama bibi harusi wa picha. Alikasirika, alikaa na friji yake miezi mitatu mingine, lakini alingoja.

Mwezi ya tatu ikafika. Ya kwanza tuliona ilikuwa muzuri, nyeusi, inang'aa, dola 1,800. Mutoto alifika, mwenye kuuza akavuta kamba mara moja, vruuu, ikawaka. Mutoto akageuza simu anionyeshe na anacheka meno yote inje. Nikamwambia zima. Fungua kifuniko, tia mukono ku moteri. Akasema manseba ni ya moto. Nikasema si umefika sasa hivi? Kwa nini ni ya moto?

Hapa nirudie nyuma kidogo, juu hii elimu niliilipa. Nilikuwa kijana, nilinunua Yamaha AG100 mu Kenya (Kenya yetu ya hapa, hapana inchi), ile moto yenye mapadri walikuwa wanazungukia nayo ma misioni, moteri yenye inachoma oili pamoja na esanse. Asubui nafika, inaunguruma vizuri, komisioneri, ule mwenye kuuzishia watu, anaapa na mama yake. Nikatoa feza. Kesho yake saa kumi na mbili nikapiga kiki mara arobaini, hakuna kitu. Pistoni na segima, zile pete za pistoni, zilikuwa zimekwisha. Moteri ya namna ile ikiwa imechoka, asubui ikiwa baridi haina nguvu ya kushindilia, inakataa, lakini ukiisha kuipasha moto vyuma vinatanuka, oili inaziba ziba, inawaka kama mupya. Na ile sauti ya pistoni kugonga gonga ku ukuta, unaisikiaka vizuri ikiwa baridi, ikipata moto inajificha. Yule mutu alikuwa ameiwasha mbele nifike. Tangu siku ile mi sinunui moteri ya moto, hata unipe bure nitakwambia tungoje ipoe.

Sasa mutoto aliazima kwa mwenzake kile kipimo cha kompresio, ile nguvu ya kushindilia, unatoa buji unakifunga pale, unavuta kamba, unasoma. Ile nyeusi iko na silinda mbili. Moja ikasoma 125. Ingine 90. Zinapashwa kukaribiana, tofauti ikipita sehemu moja ya kumi ujue kuna ugonjwa, na hapa ilikuwa inapita mara mingi. Mwenye kuuza akasema kipimo ni mubaya. Basi tukageuza, tukapima tena, kipimo kikabakia na mawazo yake. Mutoto akarudi nyumba na akaninunia mi siku mbili, kama mi njo niliharibu moteri.

Niseme pia kosa yangu, juu nisijifanye fundi wa vyote. Ile siku nilikuwa namulalamikia, nionyeshe radiateri, nionyeshe radiateri, radiateri iko wapi? Hakuna. Kumbe zile zenye kutumia maji zinapitisha maji mu vyuma bapa vyenye viko chini, juu ya ule mukanda wa mupira, na theluji yenye mukanda unarusha njo inapoza. Theluji njo radiateri! Nililala nikiwaza hiyo kitu. Maana yake njia ikiwa ngumu kama barafu na theluji hairuki, moteri inapata homa. Na zile vyuma zikitoboka, maji inavuja na kubadilisha si feza kidogo. Kuna zingine za bei ya chini zinapozwa na upepo tu, na feni, kama ma jenereta yetu. Hazina mbio sana lakini hazina maji ya kuvuja, na kwa mutu wa feza kidogo mwenye anataka kutembea njia ya klabu, mi nikasema tutafute ya feni.

Tuliipata kwa muzee moja inje ya muji. Muzee hakuiwasha mbele tufike. Tena alikuwa na kaye yenye kuandika kila kitu, siku alibadilisha buji, siku alitia oili, kilometa ngapi, na mi nikiona kaye ya namna ile ninaanza kumupenda mwenye kuuza, haiko muzuri ku bei lakini iko vile. Mutoto akatia mukono, baridi kama jiwe. Akavuta kamba mara tano, ya sita ikawaka na moshi mingi, kisha ikatulia. Mara sita mu baridi ile si vibaya. Kompresio, silinda zote mbili sawasawa.

Kisha nikamulaza mutoto chini ku theluji, maskini. Angalia ule mukanda wa mupira muzima, zungusha, kuna meno yenye yamengoka, kuna mahali pamepasuka, juu mupya wake ni bei ya kuuma, inaweza kukula nusu ya feza ya mashine. Tikisa miguu ya mbele, ikicheza cheza ujue maungo yameisha. Zungusha vile vigurudumu vya ndani, vikilia ni rulema, zile beringi, zimekwisha. Angalia zile reli za plastiki zenye mukanda unatelezea, ziko na alama ya kuonyesha zimekwisha. Hizo zilikuwa zimefika ku alama, tukazipigia bei, ni kitu ndogo na unabadilisha mwenyewe. Fungua oili ya boksi ya sheni, ukiona inang'aa sawa na rangi ya chuma, kimbia. Na nyuma ya ile chuma ndefu yenye unakalia, kama imepindika, ile mashine ilishapiga muti.

Kule tena kuna kitu yenye natamani tungekuwa nayo hapa, wanaiita RDPRM, ni kitabu ya serkali ya madeni, unaangalia na namba ya mashine kama iko na deni ya mutu ao ya banki. Hapa unanunua kivanja, kisha mwaka wanatokea wenyewe watatu.

Kitu tulishindwa kuona ni panya. Juu mashine inalala miezi saba, na panya wa kule wanajua kama mule ndani iko na joto na sponji. Kisha juma mbili ikaanza kuzimika njiani, mutoto akafungua boksi ya hewa, nyumba ya panya, majani, sponji ya kiti, na waya moja ilikuwa imetafunwa. Alitoa yote, akafunga waya, ikapona. Karbirateri nazo zilikuwa na utandu wa esanse ya zamani, akazisafisha na mi nikiwa ku video, ilituchukua saa tatu na megabaiti yangu yote.

Alilipa 1,700. Muzee alikuwa anaomba 2,100. Nilimukataza kitu moja tu, asipite juu ya maziwa usiku ao peke yake, juu barafu haina kompresio ya kupima. Na unga, Bwana Muhariri, juu muliandika ya unga: dada yangu anapata ya unga kila mwezi, mbele ya motoneji na nyuma ya motoneji, hakuna mwezi ilikosa.

Sasa kitu moja ya mwisho ku ile picha yenu. Mu mashine hizi gaz iko kuume, unasukuma na kidole gumba, na freni iko kushoto. Mu picha yenu gaz iko kushoto. Muliigeuza. Muiweke tena namba yenye kuja, ya kweli, na mujue tuko tunaangalia.

Manseba wa Katuba, Lubumbashi