Duka Lililouza Simba

Shoga yangu Mwanaisha,

Salaam nyingi. Natumai mama hajambo na watoto wamesharudi shule. Uliniuliza kama nimeshaingia Harrods, lile duka kubwa la kifahari hapa London, au naishia kutazama madirishani. Nimeingia, nikatoka mikono mitupu, lakini habari zake ninazo.

Usidhani waanzilishi walikuwa mamwinyi. Charles Henry Harrod alikuwa muuza vitambaa, akahamia kwenye chai na vyakula, na mwaka 1849 akachukua kiduka cha chumba kimoja hapa Knightsbridge. Aliyelikuza ni mwanawe, Charles Digby. Desemba 1883, Krismasi iko mlangoni, moto ukaliteketeza duka lote. Unajua alifanya nini? Aliwaandikia wateja kwamba duka limeungua, kwa hiyo mizigo yao itachelewa siku moja au mbili. Basi! Na mizigo ikafika, na faida ya msimu ule ikapita za nyuma zote. Kwa hilo nampa heko. Wangapi wetu wangekaa matanga mwezi mzima?

Jengo unaloliona kwenye picha, lile la kuba na vigae vya udongo wa kuchoma, lilijengwa baada ya moto huo. Mwaka 1898 wakaweka ngazi za kujiendesha, za kwanza Uingereza. Wateja waliofika juu roho mkononi walipewa brandi watulie.

Wenye mali wamebadilika. Mwaka 1985 Mohamed Al-Fayed, Mmisri, alilinunua pamoja na nduguze, na 2010 likauzwa kwa Qatar. Al-Fayed alifariki 2023, na mwaka uliofuata wanawake wengi waliofanya kazi kwake wakajitokeza kumshutumu kwa kuwabaka na kuwadhalilisha. Hayo siwezi kuyamaliza kwa barua, tutayazungumza.

Sasa nikupe la kwetu. Duka lile lilikuwa na sehemu ya kuuzia wanyama, na si paka na kasuku tu. Mwaka 1969 vijana wawili wa Australia, John Rendall na Ace Bourke, walinunua humo mtoto wa simba! Wakampa jina Christian, wakamfuga kwenye duka la samani mtaa wa King's Road, na kumtoa mazoezi kwenye uwanja wa kanisa. Simba akawa anakua, na London si mahali pa simba. Wakapata ushauri wa kumpeleka kwa George Adamson, mzungu aliyekuwa akiwalea simba na kuwarudisha porini, na hivyo Christian akapandishwa ndege hadi Kenya, akaachiwa Kora, kandokando ya Mto Tana. Mnyama aliyezaliwa kwenye bustani ya wanyama Uingereza akafundishwa usimba ukubwani. Vijana wale walipokuja kumtazama mwaka 1971, aliwakimbilia akawakumbatia mabegani. Ile video umeiona, nakumbuka uliilia. Adamson mwenyewe aliuawa na majambazi kulekule Kora, Agosti 1989.

Sehemu ya wanyama ilifungwa 2014, na haki yake. Yaani mtu aende kununua manukato, arudi na simba?

Ukienda Hola kwa shangazi yako, nako ni kando ya Mto Tana, niulizie wazee wa kule kama wanamkumbuka yule mzungu na simba wake, na walimwonaje. Hapa nasikia upande wa wazungu tu. Usiniandikie kwa kifupi.

Wako,
Zuhura