Pesa ya Mama Nimetuma, Sasa Tuongee

Kaka Shabani, shikamoo.

Mimi huku mzima wa afya, hofu ni kwenu mlio mbali na upeo wa macho yangu. Laki nne za mama nimetuma jana jioni, zote, na ya kutolea nimeweka juu. Kwa hiyo usije ukamwambia shangazi kwamba nilisuasua.

Sasa tuongee. Mwaka jana mwezi wa tatu nilituma pesa ya CHF, ile bima ya mfuko wa afya ya jamii, elfu thelathini, kaya nzima watu sita mwaka mzima. Leo nasikia mama kalazwa siku tano, kila sindano imelipiwa taslimu, kadi haipo, na banda la kuku lina bati jipya. Picha ya banda alinitumia mkeo mwenyewe kwa furaha, maskini, hakujua. Kuku wanalala pazuri, kaka. Elfu thelathini haitoshi bati mbili, sijui la pili ulikopa wapi.

Usinijibu kwamba hata wenye kadi wanaambiwa dawa hakuna. Najua. Vidonge vya presha vikiisha zahanati, mama ananunua vichache dukani, anameza siku kichwa kikimgonga, akipata nafuu anaacha ili vidumu. Hapo ndipo alipoangukia. Mjomba aache kutafuta mchawi.

Mnadhani huku watu hawaugui. Mwaka 2008 tume ya Shirika la Afya Duniani iliandika kwamba mtoto wa kiume wa Calton, hapahapa Glasgow, alitarajiwa kuishi miaka 54, na wa Lenzie, mwendo mfupi tu wa treni, miaka 82. Miaka 28, kaka! Na daktari na hospitali ni bure kwa wote tangu 1948. Hesabu za leo zimebadilika, lakini pengo halijazibika. Aliyenisimulia ni bosi wangu, nikacheka, maana chumba changu kiko Calton. Mama asijue. Ni mtaa mzuri tu, una mabasi mengi.

Nikawa najiuliza, kama daktari ni bure kwa tajiri na maskini, kinachowamaliza hawa ni nini? Nimekaa nao, nimeona. Nyumba zina unyevu mpaka ukutani kunaota ukungu. Viwanda vya babu zao vilifungwa na kazi zikaenda navyo. Sigara, pombe. Na mtu anaumwa wiki tatu haendi kwa daktari kwa sababu akikosa zamu hana kodi. Ugonjwa unakuwa umeanza nyumbani zamani, hospitali inapokea tu.

Serikali ya Scotland imehangaika na hilo pengo, sina budi kusema. Dawa za kuandikiwa na daktari hulipii kitu tangu 2011. Mwaka 2018 wakaweka bei ambayo pombe haiuzwi chini yake, na 2024 wakaipandisha, maana zile kali za bei ya kutupa ndizo zilizokuwa zinazika watu mitaa kama huu wangu. Siku nilipoelezwa hiyo sheria nilimkumbuka baba. Tuyaache.

Na mimi nimo humo, kaka! Cheti nimepata, sasa ni mlezi wa watoto kwenye chekechea, siyo yule wa kufagia tena. Kila siku tunawapigisha watoto mswaki, mpango wa nchi nzima unaitwa Childsmile. Wanatema bila kusukutua, ili dawa ibaki kwenye meno. Mtoto wa wakili na mtoto wa mlevi wamekaa meza moja, midomo imejaa povu, na hakuna anayeulizwa baba yako anafanya kazi gani. Mimi ndiye ninayegawa dawa ya meno. Mwambie shangazi hilo, yeye aliyesema nimekuja huku kuosha vyoo.

Juzi nikiwagawia, nikamkumbuka mama na hadithi yake ya Mtu ni Afya, ile kampeni ya afya ya redioni. 1973, msichana mdogo, wamezunguka redio kijiji kizima, somo likiisha wanashika majembe wanachimba vyoo. Hakuna aliyesubiri mgeni wa kumwambia maji machafu yanaua. Nilitamani nimkute barazani nimuulize upya, maana akisimulia nilikuwa nasinzia. Huku jirani wa mlango wa pili simjui hata jina.

Basi sikiliza. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa 2023, kwa hiyo nenda kwa mtendaji ukaulize kama ni CHF ileile au utaratibu umebadilika, ulipe, unitumie picha ya kadi. Ya kadi, siyo ya bati. Pesa ya vidonge nitamtumia mwenye duka la dawa moja kwa moja kila mwezi. Usinune, wewe mwenyewe umesababisha. Kipimo cha presha nitamfungashia mtu anayekuja mwezi wa kumi na mbili. Rehema yuko kidato cha tatu, atampima bibi yake asubuhi na jioni na kuandika kwenye daftari, namba zote mbili, ya juu na ya chini.

Banda usilibomoe. Mama akitoka hospitali mchinjieni jogoo, ila mwambie wifi chumvi aionee huruma.

Mdogo wako,
Zainabu