Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu: Mkaguzi akija, akae

Mheshimiwa Waziri,

YAH: FOMU YA UKAGUZI WA ELIMU YA NYUMBANI

Nakusalimu kwa heshima. Mimi ni mama ninayewasomesha wanangu nyumbani. Fomu tunayojaza inauliza masomo, saa, vitabu na alama za majaribio. Sina ugomvi na maswali hayo. Tamko la Kimataifa la Haki za Binadamu la mwaka 1948, ibara ya 26, linampa mzazi haki ya kwanza ya kuchagua aina ya elimu ya mtoto wake, lakini mtoto naye ana haki ya kufundishwa vizuri. Ila fomu haiulizi popote nani hukaa na mtoto anaposoma, na anakaa naye vipi.

Mwanangu mdogo anajifunza kusoma. Kidole kinafuata silabi, midomo inacheza. Akifika kwenye neno gumu ananyamaza, kisha ananitazama usoni kabla hajathubutu. Akikuta nimetulia namsubiri, anarudi kwenye neno na kulijaribu, hata kama atalikosea. Akikuta macho yangu yako kwenye simu, anafunga kitabu na kusema amechoka. Neno ni lile lile, na mtoto ni yule yule. Kwenye fomu siku zote mbili zinasomeka sawa: kusoma, saa moja.

Hospitali ziliwahi kupitia jambo kama hili. Katikati ya karne iliyopita, hospitali nyingi za Uingereza ziliwabana sana wazazi waliotaka kuwaona watoto wao wodini. Sababu ilionekana ya maana: mzazi akija mtoto hulia, asipokuja hutulia baada ya siku chache. James Robertson, aliyefanya kazi London pamoja na daktari John Bowlby, aliwatazama watoto hao kwa makini. Aliona mtoto anaanza kwa kulia akimdai mama, kisha anazama kwenye huzuni, na mwishowe anajitenga hata na mama mwenyewe akija. Huo ndio utulivu uliosifiwa wodini! Mwaka 1952 alitoa filamu ya mtoto wa miaka miwili aliyelazwa kwa upasuaji mdogo, na madaktari wengi wakampinga. Mwaka 1959 kamati ya serikali iliyoongozwa na Harry Platt ikapendekeza wazazi waruhusiwe kuwatembelea watoto wao bila kubanwa na saa.

Ilikuwa kamati ya serikali, Mheshimiwa, ndiyo maana nakuandikia wewe. Dawa na joto la mwili viliandikwa vizuri kwenye kadi za wagonjwa wale, huku kilichomuumiza mtoto kikiwa hakina pa kuandikwa.

Sidai kwamba kila nyumba ina upendo. Wapo watoto wanaofungiwa ndani kwa jina la elimu ya nyumbani, wakipigiwa kelele juu ya daftari, na saa zao kwenye fomu zimetimia. Hao lazima mkaguzi awafikie. Wala siwadharau walimu. Mwalimu mwenye darasa lililofurika anatamani kumsubiri kila mtoto amalize neno lake, na kengele haimruhusu. Wazazi wengi nao hawawezi kuacha kazi wakae nyumbani kama mimi. Linaniuma, kwa sababu watoto wao nao hutafuta uso wa kuutazama wanapokwama.

Ninachoomba ni kidogo. Mkaguzi akija, asiishie kwenye madaftari. Akae pembeni kipindi kizima, atazame mtoto akikosea anamgeukia nani na anapokelewa vipi. Kisha azungumze na mtoto mwenyewe, mzazi akiwa chumba kingine. Na fomu iwe na nafasi ya kuandika alichokiona kwa maneno yake, badala ya alama za vema peke yake. Kabla fomu mpya haijapigwa chapa, waiteni wazazi na walimu wa darasa la kwanza muisome pamoja. Mimi niko tayari kuja.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mama anayesomesha nyumbani